Siku Tisa za Bi Afaf

Jumatatu, baada ya sala ya alasiri, Bi Afaf alimwambia mumewe amuue.

Hakupiga kelele. Alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa haulaliki tena, na upindo wa shuka ameuuma kwa meno. Akautoa mdomoni, akasema:

"Bwana Idarus, miaka thelathini na sita sijakuomba kitu kikubwa. Leo nakuomba. Niue."

"Astaghfirullah! Afaf, sema astaghfirullah."

"Nishasema. Haya, niue sasa."

Mzee Idarus alikuwa ameshika bakuli la uji wa mchele. Aliliweka juu ya stuli taratibu, utadhani lina ufa. Ni mtu wa miaka sitini na tisa, mwenye duka la leso Biashara Street, na sala ya alfajiri humkuta msikitini safu ya kwanza. Akamwambia mkewe kwamba kuomba kufa ni makosa makubwa, kwamba ugonjwa ni kafara, na kwa kila uchungu aupatao, mja huoshewa dhambi zake.

"Basi zangu zimekwisha kuoshwa," alisema Bi Afaf. "Hizi zioshwazo sasa ni za nani? Za jirani?"

Alitaka kucheka kwa maneno yake mwenyewe, lakini kicheko kilimgusa nyonga, akaurudia upindo wa shuka.

Saratani ilimwanza kwenye mlango wa kizazi, na hata daktari alipoitambua ilikuwa imekwisha kuhamia mifupani. Hospitalini walimwambia Aya, binti yake, kwamba hapana tena cha kukata wala cha kuchoma; ampeleke mama nyumbani akapumzike. Ndilo neno lao hilo, akapumzike. Aliyelitamka alikuwa akitazama saa yake.

*

Habari hii haina fumbo. Afadhali isemwe sasa hivi nani alifanya nini, mtu asije akasoma huku akimdhania asiyehusika, kwa kuwa wapo watakaodhaniwa.

Jumamosi, si ile ya juzi yake bali ya wiki moja kabla, alikuja Kache Kenga, muuguzi katika wale wanaozunguka majumbani kutuliza maumivu ya wagonjwa wasiopona. Mwanamke wa Kaloleni, mnene kidogo, viatu vimelika upande mmoja kwa kupanda ngazi za watu. Alileta chupa ya plastiki ya rangi ya kahawia, ndani yake mofini ya maji, pamoja na bomba dogo lisilo na sindano, la kupimia.

"Mililita tano kila baada ya saa nne," alimfundisha Aya. "Usingoje mpaka alie. Ukingoja alie, umeshachelewa."

Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Siku tatu Bi Afaf alirudi kuwa Bi Afaf. Alikula hamri moja na nusu. Akaomba asogezwe dirishani, na kutoka pale juu akamsuta muuza samaki kwamba changu wake wameshasahau hata rangi ya bahari. Kichochoro kizima kilicheka. Jumatatu jioni amekaa na kikombe cha chai, macho yakamlegea, kichwa kikashuka polepole mpaka kidevu kikagusa kifua. Akashtuka, akajikuna pua kwa kiganja, akasinzia tena.

Kila dawa ina yake, na Kache alikwisha kuonya kuwa siku za mwanzo mgonjwa atasinzia na atawashwa. Lakini alimwambia Aya peke yake. Mzee Idarus hakuwamo chumbani; aliposikia muuguzi amefika alichukua bakora yake akatoka, kwa kuwa maradhi ya chini ya tumbo la mke, kwake yeye, yalikuwa mambo ya wanawake.

Kwa hivyo aliposimama mlangoni Jumatatu ile ya kwanza, hakumwona mkewe. Alimwona Saif. Saif, mtoto wao wa pili, alisinzia vile vile na kujikuna vile vile miaka minne, mpaka asubuhi alipookotwa kwenye ngazi za nyumba ya watu huko Kibokoni, sindano ya unga wa kulevya ingali mkononi. Babake ndiye aliyemwosha. Wakati anamwosha alikuwa na swali moja tu na hakuwa na wa kumwuliza: je, kijana aliwahi kutamka shahada, au unga ulimfunga ulimi?

"Hawa wa unga hawanichukulii wa pili," alijisemea pale mlangoni.

Alfajiri ya Jumanne alimwomba Sheikh Athmani, imamu wa msikiti wa mtaani, amwandikie kombe. Akamwambia ni la homa. Sheikh akaandika aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya marashi ya waridi, akamtilia kwenye chupa ya soda. Aya alipokwenda shule anakosomesha, kule Tononoka, Mzee Idarus aliimwaga mofini yote chooni. Akaisuza ile chupa ya kahawia mara tatu, akatia kombe, akaifunga, akairudisha mahali pake. Kisha akasali rakaa mbili.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo liudhilo. Mtu mbaya ungemjua, ukamfungia mlango.

*

Basi Aya akawa anampimia mamake maji ya waridi, na mchana, yeye yuko shule, babake ndiye aliyempimia. Alilishika bomba sawasawa na jicho kama alivyofundishwa, akaligonga kwa ukucha kutoa mapovu, akahesabu mistari. Mililita tano. Mamake anywe, amtazame, anyamaze. Baada ya saa moja yale maumivu yakaja kama yalivyotaka yenyewe.

Siku ya tatu Aya alimpigia simu Kache.

"Haimshiki, dada Kache. Ilimshika mwanzo, sasa haimshiki."

"Ugonjwa umesonga mbele. Mpe saba na nusu."

Siku ya tano akapiga tena.

"Mpe kumi. Usiogope. Mimi niko Kilifi mpaka Jumanne, Jumatano naja kwenu moja kwa moja."

Akampa kumi. Alisimama mbele ya watoto wa darasa la pili, chaki mkononi, akiwaza amekosea wapi. Labda chupa aliiweka juani. Labda hakuitikisa. Jioni alikuwa akirudi mbio na buibui limejaa vumbi la uwanja wa Tononoka, na kabla hajapanda ngazi alisimama chini kusikiliza. Akisikia mlio alipanda. Asiposikia alipanda mbio zaidi.

Majirani walikuja kutazama mgonjwa, kama ilivyo ada. Waliketi, wakamwombea, wakasema "pole, utapoa", na ncha ya buibui puani. Mmoja alileta chetezo cha udi kinafuka, akasema ameona auletee chumba harufu nzuri.

"Mwanangu, sema nanuka," Bi Afaf alimwambia. "Masikio hayajafa."

*

Turudi Jumatatu, siku ya saba. Baada ya kuombwa aue, Mzee Idarus aliondoka na uji haujanyweka, akaenda kukaa barazani kwenye kahawa, karibu na msikiti. Pale palikuwa na mazungumzo tayari. Asubuhi redioni walikuwa wamejadili nchi za nje ambako mgonjwa asiyepona hutia sahihi karatasi na daktari akammaliza kwa sindano, na wazee watano wenye vikombe na kashata walikuwa wakiyamaliza yale ambayo redio haikuyamaliza.

"Ni kuua tu, hata ukivaa koti jeupe."

"Na mkono wa kuua ni wa daktari au wa aliyetia sahihi?"

"Wote wawili motoni, yakhe, wapangiwe chumba kimoja."

Wakacheka. Mzee Idarus akauliza, akitazama ndani ya kikombe, "Na kama mgonjwa mwenyewe ndiye aombaye? Yuwaomba kwa ulimi wake?"

"Mgonjwa gani?"

"Mtu tu. Nauliza."

Kila mmoja alimjua huyo mtu. Mmoja akakohoa, akasema kwamba mgonjwa akifika hapo, ujue roho yataka kutoka na imezuiliwa. Yuko mtu aliyekosewa ambaye hajatoa radhi. Atafutwe, aletwe, radhi itolewe, utaona mambo yatakavyokuwa mepesi. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Hilo nalo walilijua tangu mabibi zao.

Mung'aro, muuza maji wa mkokoteni, alikuwa ameegesha mitungi yake ukutani akifuta jasho. Ndiye anayepandisha maji nyumbani kwa Bi Afaf.

"Samahanini, wazee wangu," alisema. "Huyo mgonjwa, dawa ya maumivu apewa?"

Wakageuka kumtazama.

"Sisi twazungumza sheria, Mung'aro. Wewe watuletea habari za duka la dawa."

"Nauliza tu. Mamangu alikuwa na ugonjwa wa namna hiyo. Akituomba tumtie kisimani. Kila siku, nitieni kisimani. Alipoletewa ile dawa ya chupa, siku ya pili akaomba ugoro."

Walicheka mpaka kahawa ikawapalia. Mzee Idarus hakucheka. "Peleka maji," alimwambia, na sauti yake ilikuwa kali kuliko maneno.

Mung'aro akashika mkokoteni. Wazee wakaendelea mpaka magharibi kubishana kama ni halali au haramu mtu kuomba kufa. Hapana hata mmoja aliyeuliza yuwaumwa wapi.

*

Aliyepatikana kuwa amekosewa ni Bi Shekuwe, dada yake Mzee Idarus. Alipanda ngazi Jumanne asubuhi amevaa dhahabu zake zote, kwa kuwa hakuja kutazama mgonjwa, alikuja kuombwa radhi.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Siku ya matanga ya Saif, wanawake wamejaa, vyano vya pilau vinapita, Bi Shekuwe alisema kwa sauti ya kusikika kuwa mtoto wa unga kwao hakuwa akipikiwa, alikuwa akifukiwa tu. Bi Afaf aliinuka na machozi ya mwanawe machoni, akamshika mkono, akamtoa mpaka mlango wa nje. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

"Afaf," Mzee Idarus aliinama kitandani, "dada amekuja. Mwombe radhi, upate wepesi."

Bi Afaf alikuwa na jasho la usiku kucha shingoni. Alifumbua jicho moja.

"Mimi ndiye wa kuomba?"

"Ulimtoa nyumba ya nduguye mbele za watu."

"Na yeye alimtoa mwanangu kwenye kaburi lake mbele za watu."

"Mimi sikuja kugombana na mgonjwa," alisema Bi Shekuwe, akipanga bangili zake. "Kama hataki, nguo zangu sijazivua, nitaondoka nazo."

"Afaf," alisema Mzee Idarus. "Kwa ajili yangu."

Maumivu wakati ule yalikuwa yamepanda kutoka nyongani mpaka kwenye meno. Mtu akiumwa vile hukubali lolote litakaloondoa nyuso za watu mbele yake. Bi Afaf akasema, "Nitoleeni radhi, Bi Shekuwe."

"Kwa lipi?" aliuliza Bi Shekuwe. "Radhi hutajwa kosa lake."

"Kwa kukutoa mlangoni."

"Sema vizuri nisikie."

Akasema vizuri. Akalisema mara ya pili, na alipomaliza alijitapikia kwenye mto. Bi Shekuwe akaruka kando kuokoa nguo yake, akasema, "Nimekutolea, nimekutolea, dunia na akhera," akashuka ngazi. Chini akawaambia wanawake waliokuwa wakikosha samaki kuwa yeye moyo wake ni mweupe, hana kinyongo na maiti.

Saa nane mchana Mzee Idarus alilishika bomba, akampa mkewe maji ya waridi. Mkewe alimtazama usoni muda wote wa kumeza. Alikuwa akimtazama hivyo kila mara. Yeye alidhani ni shukrani.

*

Jumatano alasiri walikuwa chumbani wote. Abdulbasit, mtoto wa kwanza, alikuwa ametoka kazini bandarini mapema; ni mtu wa kutoa makontena ya watu na kuzoea kusikilizwa. Aya alikuwa ukingoni mwa kitanda, bomba mkononi. Mzee Idarus na Sheikh Athmani walikaa kwenye viti karibu na dirisha. Sheikh aliitwa amnasihi mgonjwa, kwa kuwa asubuhi ile Bi Afaf alirudia ombi lake, na safari hii hakumwomba mumewe. Alimwomba Aya.

"Mama ameambiwa ni dhambi, hasikii," alisema Abdulbasit. "Sheikh, mwambie wewe."

Sheikh Athmani alimtazama yule mwanamke. Alikuwa amemjua mnene, mpishi, mwenye sauti. Akasema polepole, "Bi Afaf, roho si yetu. Hatuna ruhusa ya kuitoa, wewe wala mimi wala daktari. Hilo walijua. Lakini mimi nataka kukuuliza jambo jingine. Waumwa hivi tangu lini?"

Ilikuwa mara ya kwanza mwanamume kumwuliza. Bi Afaf alifumbua midomo, na kabla hajajibu, hodi ikasikika ngazini, Kache akaingia akihema.

Kache hakusalimia mara mbili. Alimwona mgonjwa, akamshika kifundo cha mkono, akafunua jicho lake, akageuka.

"Anapewa ngapi sasa?"

"Kumi," alisema Aya. "Kila saa nne. Wallahi, dada Kache, sijaruka hata moja."

"Mtu anayepewa kumi hateseki hivi. Nipe chupa."

Aliifungua. Akainusa. Akamimina tone kwenye kiganja, akalionja kwa ncha ya ulimi, na uso wake ukabadilika.

"Hii si dawa yangu. Dawa yangu ni chungu. Hii ni maji ya waridi."

Abdulbasit ndiye aliyetangulia kusema, kama kawaida yake.

"Nilijua!" Aliinuka. "Nilijua tu! Dawa hii ndiyo wanayoitafuta mateja wa unga, kila mtu yuwajua. Umeiuza! Umeiuza maskani kwao, ukatuletea marashi!"

"Kaka, dawa hii mimi huitia sahihi tone kwa tone."

"Sahihi! Mwatoka huko kwenu, mwapanda majumba ya watu na mikoba mikubwa, nani ajuaye chatoka nini? Aya, tangu lini mwamwachia huyu chumba cha mama?"

"Kaka Basit, nyamaza," alisema Aya, naye alikuwa akilia.

Kache Kenga alikuwa ametembea tangu kituo cha magari ya Kilifi kwa kukosa usafiri. Alivua mkoba begani, akaupindua juu ya mkeka mbele ya wanaume watatu. Zikaanguka glavu, pamba, daftari, Biblia ndogo yenye gamba limechanika, vipande vya muhogo wa kukaanga kwenye gazeti, na shilingi za nauli zikabingirika mpaka chini ya kitanda.

"Haya, pekua," alisema. "Na huu muhogo ufungue, huenda nimeficha humo. Ndicho chakula changu tangu asubuhi."

Mzee Idarus alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Shilingi moja ilikuwa bado yazunguka. Akangoja mpaka ikalala.

"Abdulbasit." Sauti ilitoka kitandani. "Okota vitu vya mtoto wa watu."

"Mama, huyu..."

"Okota. Kimoja kimoja. Na hizo shilingi, ingia mvunguni."

Akainama, mtu wa bandarini na suruali yake ya pasi, akaingia mvunguni.

"Dawa aliimwaga babako," alisema Bi Afaf. "Akatia kombe."

Aya akageuka kumtazama babake, bomba lingali mkononi.

"Mimi nimenyweshwa kombe tangu sina meno," alisema Bi Afaf. Alikuwa akikatiza kila baada ya maneno machache, na wakamngoja. "Nisijue ladha ya zafarani? Mara ya kwanza tu nilijua. Nikasema, ni mume wangu, ameogopa. Atanitazama, ataona, atairudisha. Kila akija na lile bomba, namtazama usoni. Nasema, sasa hivi ataona. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Hata mwanangu namwacha atie, nisimwaibishe babake. Siku ya saba nikasema, kumbe huyu ameamua kuniua polepole. Basi nikamwomba aharakishe."

Sheikh Athmani aliinuka kitini.

"Idarus. Uliniambia kombe la homa."

"Nilitaka afe na shahada," alisema Mzee Idarus. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtoto anayesomeshwa. "Saif alikufa amelewa. Nilimwona Afaf asinzia vile vile. Nikasema huyu akutane na Mola wake ana akili zake."

"Akili zipi?" aliuliza Bi Afaf. "Siku hizi tisa hata jina la mamangu lilinipotea. Hiyo shahada ningeishika kwa mkono gani? Mimi si Saif, Idarus. Saif alikufa kwa kukimbia maumivu tusiyoyajua. Mimi yangu uliyajua."

"Nani alikwambia dawa ya mgonjwa ni ulevi?" Sheikh alikuwa ameghadhibika mpaka kilemba kimekaa upande. "Ulinijia alfajiri na uongo ili uje ufanye hili kwa aya za Mungu? Umeniita hapa nimkataze kufa. Wewe, nani alikukataza kumtesa?"

Kutoka mvunguni Abdulbasit alitoa shilingi ya mwisho, akampa Kache bila kumtazama.

"Mkono wa kulia," alisema Bi Afaf.

Akampa kwa mkono wa kulia.

*

Dawa ile haitolewi mara ya pili hivi hivi. Lazima ielezwe iliyotangulia imekwenda wapi, na aliyeipoteza aeleze mwenyewe. Saa kumi na nusu Kache na Mzee Idarus walikuwa kwenye tuktuk, hawasemezani. Dirisha la dawa la hospitali lilikuwa na foleni. Mfamasia, kijana aitwaye Maxwell, aliyekuwa tayari amevua koti, alilivaa tena na kufungua daftari.

"Imepotea vipi, mzee?"

"Nimeimwaga."

"Sauti, mzee, kioo hiki kinene."

"Nimeimwaga!"

"Wapi?"

"Chooni."

"Yote? Kwa nini?"

Foleni nzima ilikuwa ikisikiliza. Mzee Idarus aliangalia tundu la kile kioo. Maneno ya kafara, ya shahada, ya akili timamu, yote aliyokuwa nayo wiki nzima, hayakupita pale.

"Andika nimeimwaga," alisema, akatia sahihi.

Kabla ya adhana ya magharibi Bi Afaf alikunywa mililita tano. Kache alimpa kwa mkono wake, akakaa chini mkekani, akala muhogo wake akingoja. Ilipofika saa moja na robo, meno yaliuachia upindo wa shuka yenyewe. Ulikuwa umetoboka.

*

Asubuhi Aya alimwuliza mamake, kwa woga, kama bado ataka kufa.

"Kufa nitakufa, mwanangu, halihitaji kuombwa. Leo nataka mbaazi za nazi." Akamshika mkono. "Lakini usiende ukamwambia mtu kwamba mamako alikosa imani kisha akatubu. Sikukosa imani. Ningekuwa na nguvu za mkono siku ile ningejimaliza, na anayetaka kunihukumu aje kwanza alale ubavu wa kulia."

Hata baada ya hapo aliyepima dawa mchana ni yule yule Mzee Idarus. Bi Afaf ndiye aliyeamuru. Alilishika bomba mbele ya jicho, akahesabu mistari kwa sauti ili mkewe asikie. Alifunga duka saa tano kila siku asichelewe. Akapangusa, akageuza, akaosha vyombo vya chini ya kitanda. Alipomaliza alikuwa akikaa kwenye stuli, na siku ya nane ya kukaa hivyo akasema:

"Afaf. Nitolee radhi."

Bi Afaf alikuwa akitazama dirishani. Alifikiri muda mrefu, bila chuki, kama mtu anayetafuta kitu kabatini na kweli ataka kukipata.

"Yangu nimekutolea," alisema. "Ya miaka yote hii, nimekutolea. Lakini yule mwanamke wa siku zile tisa simo ndani yake tena, siwezi kumsemea. Mtafute yeye umwombe."

"Nitampata wapi?"

"Sijui, Bwana Idarus. Ulimwacha wewe."

Alikufa Jumapili iliyofuata, kati ya adhuhuri na alasiri, baada ya mililita saba na nusu. Alikuwa amesinzia. Akafumbua macho, akawaona wote, akatamka shahada kwa sauti ya kawaida, sauti ile ile ya kumsuta muuza samaki, na kila aliyekuwamo chumbani akaisikia herufi kwa herufi.

Walimsalia baada ya alasiri. Nyumbani Bi Shekuwe aliwasimulia wanawake jinsi alivyomtolea radhi marehemu, dunia na akhera. Msikitini watu walijaa mpaka barazani. Mung'aro, ambaye si wa dini hiyo, alisimama nje ya ukuta, mkokoteni wake mtupu. Sheikh Athmani alielekea watu, akasema kama isemwavyo siku zote: mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa warithi wake, na aliyekosewa na marehemu amsamehe.

"Tumemsamehe," watu waliitikia.

Mzee Idarus alikuwa safu ya kwanza. Alisubiri liulizwe na lile jingine, kama marehemu naye alikuwa akimdai mtu. Alisubiri kwa kweli, shingo ameinyosha, midomo tayari. Lakini hilo halimo katika yanayoulizwa, na watu walikuwa wameshainua jeneza.